Aliyeegemea Mlango

Koplo hakukaa. Hilo ndilo lililomshtua Inspekta kabla hajasikia neno. Kijana yule akiingia ofisini hutafuta kiti kwanza ndipo atafute salamu, na wenzake humtania kwamba siku atakayosimama mbele ya kiti kitupu, watu waanze kuvua kofia. Asubuhi hiyo kiti kilikuwapo, naye alibaki mlangoni na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa mkononi.

Alisema amekata kipande cha ile video ya kiwandani, cha kumpelekea mwendesha mashtaka.

"Vizuri," akasema Inspekta.

"Si vizuri sana, Afande."

Jalada lilikuwa mezani, limefungwa kwa utepe, na mwendesha mashtaka alilitaka mchana uleule. Kama jalada la mauaji linaweza kusemwa kuwa safi, basi lile lilikuwa safi. Mtunza stoo wa kiwanda cha maziwa, mzee ambaye wafanyakazi wote walimwita Mzee Kufuli kwa ukali wake juu ya milango, alikutwa Jumatatu amekufa kwa baridi ndani ya chumba cha kuhifadhia siagi. Zamu ya Jumamosi huisha mchana, watu wakaenda makwao, naye akabaki ndani. Komeo la nje lilikuwa limefungwa. Kitasa cha dharura cha ndani kilikuwa kimeganda barafu, hakikuzunguka. Aliyemfungia alijulikana: mwanamke wa makamo wa kitengo cha siagi, waliyemwita Mama Siagi, ambaye siku chache kabla alikuwa amejibizana na marehemu mbele ya watu hadi mtu akalazimika kuwaamua. Kamera ya ukumbini ilikuwa imemnasa mlangoni. Tena alikuwa amekiri.

Inspekta ndiye aliyemnasa, na alimnasa kwa njia yake. Wenzake walimwita Kinyumenyume, wakidhani hajui. Kila kesi aliianzia mwisho. Alianza na maiti, akarudi hatua moja, akauliza nani alikuwa hapa. Akarudi nyingine, akauliza tena. Wengine walianza na asubuhi ya marehemu, wakapotea katika chai yake na safari zake. Yeye hakupotea. Katika video ile pia alianza Jumatatu, mlango ulipofunguliwa, akabonyeza kitufe cha nyuma, akaivuka Jumapili nzima yenye ukumbi mtupu, mpaka akamkuta Mama Siagi ameegemea mlango.

"Mimi sikuwa na haja ya kurudi nyuma," Koplo alisema, kama anayeomba radhi. "Nilitaka kunakili tu. Nikaiacha icheze mbele."

Akainama juu ya kompyuta, akaichezesha.

Ukumbi ulikuwa uleule, mweupe, na mlango mzito wa chumba cha baridi upande wa kulia. Mzee Kufuli akatokea, akafungua, akatundika kifuniko chekundu cha ndoo kwenye komeo, akaingia. Hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe pale kiwandani: kifuniko kikining'inia, ndani kuna mtu, usiguse. Hapo Inspekta hakuona kigeni. Lakini video ikaendelea, na Mzee Kufuli akatoka. Akakiondoa kifuniko kwenye komeo, akakitia kwapani, akauacha mlango nusu wazi kama mtu anayerudi sasa hivi, akapotea kwenye kona.

Inspekta akasogeza kiti.

Mama Siagi akaja na toroli lake. Alipofika mlangoni, pasipo kusimama, akausukuma kwa nyonga, pu, kama wanawake wanavyosukuma droo ya jikoni mikono ikiwa imejaa, akapita zake. Kisha Mzee Kufuli akarudi mbio mbio akijipapasa mifukoni, akafungua, akaingia. Safari hii hakutundika kitu. Mlango ukajirudia nyuma yake. Halafu akaja mtu mwingine, amevaa koti jeupe, kofia na barakoa kama wote wavaavyo pale, amebeba kreti ndogo ya chupa. Akaona komeo halijafungwa. Akalifunga. Akaupiga mlango kofi moja la kuhakikisha, akaenda.

Mwendo wote huo haukuchukua hata muda wa kumaliza kuchemsha yai.

"Rudisha," akasema Inspekta.

Koplo akabonyeza kitufe cha nyuma. Mtu wa kreti hakuonekana. Alionekana Mama Siagi, nyonga mlangoni. Akabonyeza tena. Mama Siagi. Akabonyeza tena, saa ya chini ikirudi nyuma kidogo kidogo kila mara, na kila mara alikuwa Mama Siagi, ameegemea mlango uleule kwa mkao uleule, kama mtu anayezuia mwenzake asitoke. Kisha, kwa mbonyezo mmoja zaidi, mlango ukawa na kifuniko chekundu na Mama Siagi hayupo.

Hivyo ndivyo Inspekta alivyoiona mara ya kwanza. Hivyo ndivyo alivyoiandika: kwamba kifuniko kilikuwapo, mtuhumiwa akaja, kifuniko kikatoweka, mtuhumiwa akaegemea mlango kwa zaidi ya dakika moja. Na alikuwa ameongeza sentensi moja aliyoipenda alipoiandika, nayo sasa ilimtazama kutoka ndani ya utepe: *alisimama bila kutikisika*.

Saa ya kamera yenyewe ilikuwa imekufa tangu umeme ulipokatika mwezi uliopita. Ilionyesha sifuri tupu. Walikuwa wakiitegemea saa ya programu.

"Moja inadanganya," Koplo akasema. "Mbele au nyuma."

Inspekta alilichukua jalada akalitia kwenye droo. Akamtuma Koplo amwambie mwendesha mashtaka kwamba litachelewa. Koplo akauliza amwambie kwa sababu gani.

"Mwambie kwa sababu yangu."

Kampuni iliyoiuzia idara programu ya kuchezesha video ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mshona mapazia. Cherehani zilisikika sakafuni, na mtu aliyeitunga programu alikuwa akitembea kwa soksi ili, alivyosema, asiwasumbue wa chini, ingawa wa chini walikuwa wakimsumbua yeye tangu asubuhi. Alikuwa kijana mwenye tumbo la kukaa na kicheko cha karibu. Alimkaribisha Inspekta kwa maneno mengi, akamwondolea nyaya kwenye kiti, akamuuliza kama programu imegoma tena, maana idara yao ilikuwa na kompyuta za enzi za mabibi.

Inspekta hakumweleza kesi. Alimwonyesha kipande kile, mbele, kisha nyuma. Akamuuliza kipi ni kweli.

Fundi hakuhitaji kutazama mara ya pili. "Mbele," akasema. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Inspekta akamtaka amfafanulie kama anavyomfafanulia mtu atakayeulizwa mahakamani. Fundi akavuta pumzi. Alisema kamera ni bahili. Haihifadhi picha nzima kila mara, maana diski ingejaa kabla ya chakula cha mchana. Inachukua picha moja kamili, halafu kutoka hapo inafanya umbea tu: hapa pamebadilika, na pale pamebadilika. Pasipobadilika, hainyanyui mdomo. Na kamera ile ya kiwandani, alivyoiona, ilikuwa imepangwa ubahili wa mwisho. Kutoka picha kamili moja hadi nyingine ilipita zaidi ya dakika nzima.

"Kwenda mbele ni raha. Una picha, unabandika mabadiliko juu yake, unaendelea."

"Na nyuma?"

"Nyuma hakuna njia, Afande. Umbea unakwambia hapa sasa pana kiatu. Haukwambii kabla ya kiatu palikuwa na nini. Kilichofunikwa hakikuandikwa popote. Huwezi kukibandua kiatu ukaiona sakafu."

"Kwa hiyo mtu akitaka kurudi hatua moja?"

"Anarudi mpaka picha kamili iliyotangulia, anaanza tena kubandika moja moja kuja mbele, anasimama hatua moja kabla ya pale alipokuwa. Hatua moja ya nyuma inaweza kuwa hatua elfu za mbele."

"Na programu yako inafanya hivyo?"

Fundi akazitazama soksi zake. Ilikuwa ikifanya, akasema. Toleo la kwanza lilifanya hivyo kwa uaminifu. Lakini kompyuta za wateja zilikuwa nzito. Mtu akibonyeza nyuma, picha inaganda, feni inavuma, na simu za malalamiko zinaanza kupigwa: Kitufe chenu cha nyuma ni kibovu. Kitufe chenu kinalala. Basi akakiharakisha. Sasa ukibonyeza nyuma, programu inakwenda kwenye picha kamili ya karibu iliyotangulia na inaishia hapo hapo, haiji tena mbele. Ilipendwa. Simu ziliacha kulia.

"Na saa?" Inspekta akauliza. "Saa ya chini inaonyesha nini?"

"Inaonyesha ulipoomba kwenda."

"Si nilipo?"

"Ulipoomba."

Cherehani za chini zikanyamaza kidogo, zikaanza tena. Inspekta akamuuliza kama hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku mtu ataitazama picha moja na kusoma saa ya nyingine. Fundi akasema alifikiri watu hurudi nyuma kutazama goli, au kumwona bibi harusi akiingia. Hakufikiri kuna mtu anarudi nyuma kumtafuta mhalifu.

"Lakini Afande, na wewe," akaongeza, si kwa ukorofi, "mtu asimame zaidi ya dakika bila kutikisika hata ukope? Hata mlinzi wa lango la rais hujikuna."

Inspekta alimtaka aifungue video ileile kwa toleo la zamani. Wakalitafuta, wakalipata, na mashine ikavuma kama inapanda mlima. Fundi akabonyeza nyuma, wakangoja. Polepole, picha kwa picha, mtu wa kreti akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, kofi likauacha mlango, komeo likafunguka. Mzee Kufuli akatoka mgongo mbele. Mbele na nyuma zikakubaliana.

"Msimamishe hapo. Huyo wa kreti. Mkuze miguu."

Miguuni alivaa mabuti ya kijani.

Kiwandani msimamizi wa zamu alimpokea kwa uchangamfu wa mtu anayedhani mambo yamekwisha. Alimtembeza ukumbini huku akimsifu marehemu, kwamba mzee yule alikuwa mkali lakini siagi haikuwahi kuharibika mikononi mwake. Inspekta aliujaribu mlango. Haukujifunga wenyewe hadi mwisho. Ulihitaji kusukumwa, na kila mtu mwenye mzigo aliusukuma kwa nyonga. Hata msimamizi, alipoulizwa angeupitaje akiwa na ndoo mbili, aliinua kiuno kabla hajafikiri. Akacheka mwenyewe. Inspekta hakucheka. Mama Siagi alikuwa amemwambia jambo hilohilo siku ya kwanza ya mahojiano, kwa maneno hayohayo, naye alilisikia kama kisingizio.

Akauliza sheria ya komeo ilikuwa nini. Msimamizi akamweleza: ukipita ukikuta halijafungwa na hakuna kifuniko, lifunge. Usiulize. Mzee alimchamba yeyote aliyepita bila kulifunga. Ugomvi wake na Mama Siagi ulitokana na hilo. Kwamba mama aliusukuma tu mlango na kupita, hakulifunga komeo, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye toroli.

"Kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kutolifunga," akasema Inspekta.

"Ndiyo. Si ndiyo maana waligombana."

Jambo hilo nalo lilikuwa ndani ya jalada, katika maelezo ya mashahidi, limeandikwa kwa mkono wa Inspekta mwenyewe kama sababu ya chuki. Hakuna aliyeligeuza upande wa pili: mtu anayegombezwa kila siku kwa kutofunga komeo ndiye aliyeshtakiwa kwa kulifunga.

Mwisho akauliza kuhusu mabuti, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kupitisha muda. Meupe kwa watu wa siagi, meusi kwa wapakiaji, ya kijani kwa maabara, akajibiwa. Maabara walikuwa wawili. Mkuu wake yuko likizo ya uzazi tangu mwezi uliopita, mtoto wa kiume, hajambo. Aliyebaki ni Funguo.

"Funguo nani?"

"Mwanawe marehemu, Afande. Baba Kufuli, mtoto angeitwa nani?"

Funguo alikuwa peke yake maabara, akipima maziwa. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mabega ya kuinama kama mtu aliyezoea kuambiwa simama wima. Alimwamkia Inspekta, akavua glavu, akamtafutia kiti, akarudi kusimama karibu na chupa zake. Siku ya mazishi alikuwa amemshika Inspekta mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru kwa kuwahi kumpata aliyefanya. Inspekta alikumbuka jinsi alivyojipongeza kwa kumtuliza.

Alimuuliza kwa utaratibu. Jumamosi ile alichukua sampuli? Alichukua. Alipita ukumbi wa baridi? Alipita. Je, aligusa mlango wowote?

Funguo akaichukua chupa moja, akaitia kizibo, akakizibua.

"Hukuniuliza hilo mara ya kwanza," akasema.

"Sikukuuliza. Nilikuwa nimeshampata mtu."

"Nilifunga komeo." Alisema polepole, chupa ikiwa bado mkononi. "Halikuwa na kifuniko. Nilifunga, nikapiga mlango, nikaenda nyumbani. Mama akauliza baba yuko wapi, nikasema atakuwa amepitia kwa rafiki zake, kama afanyavyo kila mwisho wa juma."

Kompresa za vyumba vya baridi zilikuwa zikivuma ng'ambo ya ukuta, mvumo ule uliozuia mtu yeyote asisikie chochote. Inspekta akamuuliza kwa nini alikaa kimya tangu Jumatatu.

"Jumatatu nilitaka kufa. Nilikuwa nakuja kwenu, wallahi, nilikuwa nimeshavaa viatu. Halafu wewe ukaja nyumbani. Ukatuambia kamera imemwonyesha mama yule ameegemea mlango, na saa ikasoma baada ya saa niliyopita mimi. Nikasema, basi mimi nilifunga chumba kitupu. Baba aliingia baadaye. Yule mama ndiye wa mwisho, si mimi." Akaiweka chupa mezani. "Uliniletea picha, Afande. Nikalala."

"Uliamini kweli kuwa ni yeye?"

"Wewe ulikuwa na picha. Mimi nilikuwa na nini?"

Inspekta alikuwa amejiandaa kumwambia kilichomo katika video hatua kwa hatua, kwamba baba yake alisahau kitu, akarudi mara moja tu, hakutundika kifuniko kwa sababu hakukusudia kukaa. Alipofika kwenye maneno kwamba picha ile ilidanganya, hakuhitaji kuendelea. Kijana alikwisha kuyapanga mwenyewe, na alikuwa ameketi kwenye sakafu ya maabara, mgongo kwenye kabati. Inspekta akamwambia jambo moja ambalo alikuwa na hakika nalo: kwamba hakuvunja sheria yoyote, kwamba kitasa cha ndani kingekuwa kizima mzee angetoka mwenyewe, na kwamba hilo ni la kiwanda kulijibu. Funguo alimsikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama yule mama bado yuko ndani.

"Bado."

Akayavua mabuti ya kijani, akayapanga mlangoni, akavaa viatu vyake. Akasema anakuja.

Mama Siagi aliletwa katika chumba cha mahojiano kama alivyoletwa siku zote, akitembea mbele ya askari kana kwamba ndiye anayemwonyesha njia. Alikuwa amekonda usoni. Aliketi, akaweka mikono juu ya meza, akangoja kuulizwa tena yaleyale.

Inspekta alimweleza yote bila kuketi. Alimweleza habari ya kitufe, ya saa isiyosema kweli, ya kifuniko ambacho mwenyewe Mzee Kufuli alikiondoa. Alisema kwa maneno mafupi kwamba hakusimama pale, hakuegemea, hakugusa komeo. Alipita tu.

Mama Siagi alimkazia macho.

"Nilikwambia nimepita tu," akasema.

"Uliniambia."

"Nilikwambia kifuniko sikukiona. Ukaniuliza, sasa nani alikitoa, na wewe ndiye uliyepo? Nikawaza, nikawaza mpaka kichwa kikauma. Nikaona mkono wangu unakitoa. Niliuona kabisa, kwa macho yangu haya. Nikakwambia basi labda nilikitoa."

"Nilikosa, mama."

"Ulikosa." Alilirudia neno lile kama anaonja chakula kilichochacha. "Mimi nimeua mtu siku zote hizi, wewe unasema ulikosa. Nimemwomba marehemu msamaha mpaka magoti yamechubuka. Mwanangu wa kike alikuja kuniona nikamkataza asinishike. Nilisema mikono hii isimguse mtoto wa mtu."

Inspekta akasema tu kwamba karatasi za kumtoa zinaandikwa, na kwamba katika maelezo yake mapya ameandika kosa ni la nani. Mama Siagi hakuonekana kulisikia. Alikuwa anakokotoa.

"Kama si mimi, ni nani?"

"Hilo siwezi kulisema hapa."

"Alipita baada yangu." Vidole vyake vilitembea juu ya meza kama mtu anayefuata ukumbi ule hatua kwa hatua, kutoka siagi, mlango, kona. Vikasimama. "Jumamosi mtu wa mwisho kupita ni wa sampuli." Akamtazama Inspekta, na Inspekta akafanya kosa la kutazama chini. "Ee Mungu wangu. Mtoto."

Kisha, kwa haraka, akiinama mbele, sauti ikiwa ya chini kabisa: "Andika ni mimi."

"Mama."

"Nimeshakiri. Nimeshalia, nimeshazoea. Yule si ndiyo kwanza amemzika baba? Ataishije na mama yake nyumba moja? Andika ni mimi, mwanangu, halitakugharimu kitu. Jalada si ulishalimaliza?"

"Sitaandika."

"Ulipoandika la uongo hukusita hivi."

Ilikuwa kweli. Inspekta akasema, "Tayari anajua. Amekuja mwenyewe. Yuko nje."

Walipotoka, Funguo alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa mapokezi, viganja katikati ya magoti. Alipomwona Mama Siagi akasimama. Mama Siagi alimpita hadi kaunta, akadai viatu vyake na pochi yake, akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Inspekta akamwambia gari liko tayari kumpeleka nyumbani. Yeye mwenyewe angeendesha, angemweleza bintiye.

"Binti yangu nitamweleza mimi," akasema Mama Siagi. "Wewe nitakutafuta siku nikiwa na la kukwambia. Leo sina. Nenda kaandike."

Akaenda kuketi kwenye benchi. Akamvuta kijana, naye akaketi karibu, bega kwa bega. Inspekta alibaki kaunta na kalamu mkononi, na Koplo nyuma yake, na hakuna aliyekuwa na kazi hapo lakini hakuna aliyeondoka.

Kisha Mama Siagi akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mwenzake kituo cha basi.

"Usiku wa kwanza hutalala, usijilazimishe. Kaa tu kitandani, usizime taa. Wa pili utamsikia anagonga. Atagonga sana. Usizibe masikio, ukiziba anagonga zaidi. Mwitikie, mwambie nakusikia. Chakula kitakuwa kama mchanga, kula hivyohivyo. Mtu akitaka kukushika mkono utaona haya, mpe." Akaushika mkono wa kijana. "Njia hiyo naijua yote, mwanangu. Nimeipita yote nikidhani ni yangu."